Meno ya Nitrojeni Nzito

Siku ya tisa tangu fundi wa maabara apotee, mkewe alifika kituo cha polisi saa moja na nusu asubuhi, kama alivyofika siku zote, akakaa kwenye benchi lile lile karibu na dirisha la mapokezi. Ila siku hiyo hakuja mikono mitupu. Mapajani alikuwa na daftari la jalada gumu, amelifunga kwa kitambaa cha kichwa kama mtu aliyebeba mayai.

Inspekta mwenye jalada la kesi hiyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mzito wa mwendo. Wenzake walimwita Kobe. Mwanzoni walimwita hivyo akiwa hayupo, baadaye akaanza kuitika, na mzaha ukaisha. Alimkaribisha yule mama ofisini, akafunga mlango.

"Nimelikuta kwenye droo ya cherehani yangu," mama alisema. "Miaka kumi na minane ya ndoa hajawahi kuigusa cherehani ile, hata kuipangusa vumbi."

Yaliyojulikana hadi hapo yalikuwa machache. Fundi alikuwa mwajiriwa wa kituo cha utafiti wa mimea, na kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya leza ya kupima gesi, ambayo pale kituoni hakuna mwingine aliyejua hata kuiwasha. Jumatatu ya wiki iliyopita aliaga nyumbani asubuhi, hakurudi. Pamoja naye ilipotea chupa ya chuma, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, yenye gesi iitwayo nitrojeni nzito. Gesi hiyo iliagizwa kutoka mbali na ilichukua mwaka mzima kufika. Mkuu wa utafiti, ambaye kituo kizima kilimwita Daktari, aliripoti wizi mwenyewe, akaambatanisha karatasi ya kipimo iliyotoka kwenye mashine ya Fundi. Karatasi ilikuwa na tarehe ya Jumatatu ile, saa tisa alasiri, na kwa maelezo ya Daktari ilithibitisha kwamba saa hiyo chupa ilikuwa bado imejaa nitrojeni nzito. Aliyekuwa nayo mkononi mwisho, basi, ni Fundi.

Sajini alikuwa amekwisha kuifunga kesi kichwani mwake. Mtu hayupo, chupa haipo, na mpaka hauko mbali. Kobe hakumbishia. Alimwuliza tu kwa nini mtu anayetoroka aache nyumbani dawa zake za presha na miwani yake ya kusomea. Sajini akasema mwizi hafungashi kama msafiri wa likizo.

Sasa Kobe alilifungua daftari. Kurasa nyingi zilikuwa na namba. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, yenye mchoro kama kitana: mistari iliyosimama wima, mirefu kwa mifupi, ikipanda kisha ikishuka. Tarehe ilikuwa ya siku kumi na mbili kabla ya Fundi kupotea. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka, yaliandikwa maneno machache: *Chupa ya nzito. Shufwa juu. Nimemwonyesha D.*

"Unajua maana yake?"

Mama alitikisa kichwa. Alisema mumewe wiki zile mbili alikuwa akila nusu sahani na kukaa kimya. Alipomwuliza, alijibu kwamba kuna jambo la kazini, na likikaa sawa atamsimulia.

Sajini alipoonyeshwa mchoro alicheka. "D inaweza kuwa dada, dereva au dukani. Hata mimi mke wangu ananiita D, na sijui kwa nini."

Kobe alimwambia achukue funguo za gari.

Kituoni kwa watafiti kulikuwa na D mmoja aliyejitokeza haraka. Mtunza stoo ya gesi alikuwa pandikizi la mtu, mabega yanajaza mlango, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu alimwita Dogo. Chupa zote zilipita mikononi mwake. Siku ya kwanza aliandikisha kwamba Jumatatu ile alifunga stoo saa kumi na moja jioni, akaondoka na funguo. Kobe alimkuta akipanga mitungi, akamwomba arudie maelezo yake, na akamwacha ayarudie mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mlinzi wa getini ana daftari lake, na kwamba humo Dogo ameandikwa kuwa alitoka saa tisa na nusu.

Dogo aliangalia viatu vyake.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Alikuwa akihamia nyumba nyingine, walitaka mtu wa kubeba makabati."

"Na funguo?"

Kobe alikaa juu ya kreti, akatulia kabisa. Sajini alikohoa, Kobe hakumtazama.

"Kumwachia mtu funguo za gesi ni kufukuzwa kazi," Dogo alisema hatimaye. "Ndiyo maana nilidanganya. Daktari alikuja mwenyewe, akaniambia nenda tu kawasaidie ndugu zako, funguo niachie. Nilimshukuru. Asubuhi nilizikuta mezani kwangu."

"Alikuwa na kawaida ya kukuruhusu hivyo?"

"Daktari? Yule hata ukienda msalani anakuangalia saa."

Kobe alimwonyesha ule mchoro wa daftarini. Dogo aliugeuza juu chini, akaurudisha. Alisema yeye anajua uzito wa mtungi na rangi ya mtungi. Mambo ya mistari ni ya Fundi, na kama Fundi angemwonyesha kitu kama kile angedhani anatafutiwa kitana. Kobe alimwamini. Mtu akishatoa uongo wake mkubwa hana sababu ya kubana mdogo.

Ikabaki ile karatasi. Kwa siku tisa ilikuwa ndani ya jalada, na hakuna mtu wa polisi aliyeitilia shaka, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuisoma. Mchana huo Kobe aliichukua pamoja na daftari, akaenda chuoni kwa mwalimu wa fizikia ambaye miaka mingi nyuma alimfundisha Fundi. Alikuwa bibi aliyepita miaka sitini, mwembamba, na wanafunzi walimpa jina la Bibi Mistari. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Juu ya meza ya chuma kulikuwa na leza, vioo vidogo, na neli ya gesi iliyofunikwa kwa kitambaa cheusi.

Kobe hakumweleza karatasi ipi imetoka wapi. Alimpa ile ya Daktari tu.

Bibi Mistari alivaa miwani, akachukua rula, akapima kutoka mstari hadi mstari. Ndipo akaanza kueleza, kama anayemfundisha mgeni bila kutaka kumchosha.

Nitrojeni, alisema, ni atomu mbili zilizoshikana mikono na kuzunguka, kama watoto wawili uwanjani. Lakini haziwezi kuzunguka kwa mwendo wowote zinaoutaka. Zina ngazi: sifuri, moja, mbili, tatu, na kuendelea. Ukiipiga gesi kwa mwanga wa leza, mwanga mwingi hutoka na rangi ile ile ulioingia nayo. Kiasi kidogo sana hutoka kimebadilika rangi kidogo, kwa sababu kimeziongezea atomu mzunguko au kimeupunguza. Kila ngazi huacha mstari wake. Hicho ndicho kipimo cha Raman, na ndiyo sababu mchoro una sura ya kitana.

"Atomu zikiwa nzito zinazunguka kwa uzito, na meno ya kitana yanasogeleana. Nitrojeni ya kawaida ina nafasi pana. Hii imebana kwa sehemu moja katika kumi na tano, sawasawa kabisa na inavyotakiwa. Hii ni nitrojeni nzito, Inspekta."

Kobe aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja na dhana, na dhana hiyo ilikuwa imekufa mezani. Alianza kukusanya karatasi.

"Ngoja," alisema Bibi Mistari.

Alikuwa ameirudisha karatasi chini ya taa. Aliweka ncha ya kalamu kwenye jino la kwanza kutoka katikati, akahesabu kwa sauti ndogo. Sifuri, moja, mbili, tatu. Alifika kumi na mbili, akarudi kuhesabu upya. Kisha alifungua droo, akatoa mchoro wa zamani, karatasi imeanza kuwa njano, akaulaza kando.

"Huu tuliupima hapa, mimi na Fundi, siku chupa yao ilipofika ikiwa mpya. Nitrojeni nzito ya kweli. Angalia meno yenyewe, usiangalie nafasi. Yapi ni marefu?"

Kobe alihesabu kwa kidole. "Moja. Tatu. Tano."

"Witiri. Na ni marefu mara tatu kuliko jirani zake. Sasa hesabu kwenye karatasi yako."

"Mbili. Nne. Sita." Kobe aliinua macho. "Shufwa juu."

Bibi Mistari alishangaa kumsikia akilitumia neno hilo. Akaendelea, sasa bila utulivu ule wa mwanzo. Kiini cha kila atomu, alisema, kina mzunguko wake wa ndani unaoitwa spini. Viini viwili vikiwa vya aina moja kabisa ni kama pacha ambao hata mama yao hawatofautishi, na maumbile yana sheria kali juu ya pacha wa namna hiyo kubadilishana nafasi. Sheria hiyo ndiyo inayoamua ngazi zipi zijae na zipi zipungukiwe. Kwa nitrojeni ya kawaida, ngazi za shufwa hupata mbili pale za witiri zinapopata moja. Ongeza nyutroni moja tu katika kila kiini, iwe nitrojeni nzito, spini inabadilika na sheria inageuka: witiri wanapata tatu, shufwa moja.

"Nafasi inatokana na uzito, urefu unatokana na spini," alisema. "Gesi moja haiwezi kuwa na nafasi za nzito na urefu wa nyepesi. Hakuna gesi kama hii duniani. Mtu amechukua kipimo cha nitrojeni ya kawaida, hii tunayovuta puani, akakibana kwenye kompyuta."

Hapo Kobe alimfungulia daftari. Bibi Mistari aliutazama mchoro uliobandikwa, akaonyesha kitu ambacho Kobe alidhani ni doa la wino: mwiba mwembamba uliochomoza kati ya jino la nane na la tisa. Alisema mara moja moja chembe kutoka angani huipiga mashine na kuacha mwiba wa namna hiyo, popote inapotaka, na ukipima tena hauuoni. Kwenye karatasi ya Daktari mwiba huo ulikuwepo pia, kati ya jino la nane na la tisa.

Aliuingiza mchoro wa daftarini kwenye kompyuta, akaubana kwa upana tu, sehemu moja katika kumi na tano, akauchapa. Waliziweka karatasi mbili pamoja, wakaziinua mbele ya taa. Zililaliana jino kwa jino, na mwiba juu ya mwiba.

"Fundi angeweza kufanya kosa hili?" Kobe aliuliza.

"La urefu? Hilo ni swali la kwanza katika mtihani wangu. Alilipata akiwa na miaka ishirini na moja."

"Na Daktari?"

Bibi Mistari alivua miwani. "Daktari ni mtu wa mizizi na udongo. Uzito anaujua, anautumia kila siku. Spini hana haja nayo."

Kobe hakwenda kwa Daktari moja kwa moja. Alirudi kituo cha polisi kwanza, akaomba kitabu cha matukio, akakisoma akiwa amesimama. Taarifa ya mke wa Fundi kwamba mumewe hajaonekana iliandikwa Jumanne, saa tisa alasiri, baada ya mama huyo kuwapigia simu ndugu na hospitali zote. Ya Daktari ilikuwa ukurasa uliotangulia. Kobe aliisoma mara mbili, akakinakili kifungu kimoja, akamwita Sajini.

Walimkuta Daktari ofisini kwake saa kumi, kati ya vyungu vya maharage vilivyopangwa dirishani. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa sauti, na aliwakaribisha kama mtu aliyewasubiri. Mwezi ujao, alisema, kulikuwa na wageni wa kuja kukagua kazi yake ya dawa ya mbegu, ile inayoifanya mizizi ivute nitrojeni hewani, na sasa hana hata tone la gesi ya kuwaonyesha. Alitumaini wamemkamata Fundi.

Kobe alimwomba amfundishe kuisoma karatasi, kwa kuwa mahakamani ataulizwa. Daktari aliinama juu yake kwa furaha. Alieleza nafasi za meno vizuri, karibu kwa maneno ya Bibi Mistari.

"Na huku kupanda na kushuka kwa urefu?"

"Hiyo ni mashine tu. Imezeeka. Usijisumbue nayo."

Kobe aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamwomba atie sahihi. Baada ya kalamu kushuka ndipo alipoweka mezani mchoro wa chuoni, wa daftarini, na ule uliobanwa, akaeleza kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Daktari alisikiliza. Mkono wake mmoja ulikuwa ukichambua majani makavu kwenye chungu cha karibu, na uliendelea kuchambua hata yalipobaki mabichi tu.

Alisema basi Fundi ndiye aliyeghushi, naye akaletewa karatasi akaiamini. Kobe akamjibu kwamba Fundi angeghushi angegeuza na urefu. Daktari akasema labda alikuwa na haraka.

"Inawezekana," Kobe alisema. "Tuache karatasi. Kazi hapa huanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Kutoka hapa hadi kituoni kwetu ni nusu saa. Jumanne ile wewe uliandikiwa maelezo saa mbili na dakika kumi, ukiwa na karatasi mkononi. Uliondoka hapa kabla hata kazi haijaanza. Mke wa Fundi alikuwa bado anadhani mumewe amelala kwa kaka yake. Wenzake walidhani amechelewa. Karatasi hiyo ina saa ya kipimo chake, na mtu mmoja tu duniani angeweza kusema: mimi sikupima hiyo. Angeingia mlangoni saa mbili na robo, angekuumbua mbele ya watu wote." Alifunga daftari lake. "Ulijuaje kwamba hataingia?"

Sajini, aliyekuwa ameegemea fremu ya mlango, alisimama wima.

Daktari aliuliza kama anaweza kukaa. Alikuwa amekaa.

Mengine aliyasema taratibu, na Sajini akayaandika. Nitrojeni nzito ilikwisha mwaka uliopita, na mizizi ilikuwa haijavuta chochote cha maana. Yeye alikwisha kutangaza kwamba imevuta. Aliijaza chupa kwa nitrojeni ya kawaida, akaendelea kuandika matokeo kana kwamba ni nzito. Fundi alipoipima chupa kwa ajili ya maandalizi ya wageni, alimletea mchoro, akamwambia kwa heshima kwamba kuna kosa. Daktari alimwomba muda. Jumatatu jioni, baada ya kumwondoa Dogo, alimpa Fundi karatasi aliyoitengeneza mwenyewe, aitie sahihi. Fundi aliitazama kidogo tu, akatabasamu, akasema hata mwanafunzi asingeniletea hii. Hakumwambia kosa liko wapi. Alielekea ngazi za nyuma, Daktari akamfuata, akamvuta shati, na Fundi aliponyanyua mkono kujitoa, akasukumwa.

Chini ya ngazi alikuwa bado anapumua. Daktari alilitamka hilo mwenyewe, bila kuulizwa, na Sajini akainua kalamu kutoka kwenye karatasi.

Kesho yake asubuhi walimtoa Fundi kwenye bwawa la machimbo ya zamani, kilomita kumi na moja kutoka maabara. Chupa ilikuwa imefungwa kiunoni mwake kwa mkanda wake.

Kobe hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mke wa Fundi, akamkuta kwenye kizingiti, amevaa tayari kwa safari ya kituoni. Waliingia ndani. Kobe alianza na lile aliloliona kuwa zawadi pekee aliyobeba: kwamba mumewe hakuiba kitu, kwamba aliombwa kutia sahihi uongo akakataa, na kwamba hayo yataandikwa na kusomwa mbele ya watu waliomwita mwizi. Kisha akasema lililobaki.

Mama alisikiliza yote. Hakulia wakati ule. Alikunja kitambaa cha kichwa mapajani, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kiganja.

"Siku zote hizi nilikuwa nawaapia majirani kwamba mume wangu si mwizi," alisema. "Halafu naingia ndani, napiga magoti, naomba awe ameiba. Nilimwomba Mungu iwe kweli ameiba, mama. Mwizi hurudi."

Kobe alivuta kiti karibu, akakaa. Nje Sajini alizima injini ya gari.